Mayai ya kilifishi hayaanguliwi: matatizo yanayojirudia na namna ya kuyatatua

Wafugaji wa kilifishi wa madimbwi, yaani jamii ya Nothobranchius, ni nadra kulalamika kuhusu samaki wakubwa. Hao hula vizuri, hung'aa na kutaga bila kubembelezwa. Malalamiko huanza baada ya mayai kutoka majini: yameoza, yamelala miezi bila kubadilika, au yameanguliwa na vifaranga wakabaki wanatambaa chini.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Nimemchukua Nothobranchius guentheri wa Unguja kuwa mfano, samaki aliyetambulishwa kisayansi na Pfeffer mwaka 1893, kwa sababu ni mvumilivu na ndiye wengi huanza naye. Mengi ya hapa yanafaa pia kwa korthausae wa Mafia, eggersi wa Rufiji na palmqvisti wa pwani ya Kenya na Tanzania.

Jambo la msingi ni hili: mayai haya hayakuumbwa kukaa majini mpaka yaanguliwe. Dimbwi hujaa kwa mvua, samaki hukua haraka na kutaga kwenye tope, dimbwi hukauka, wazazi hufa, na mayai hungoja ndani ya udongo mkavu hadi mvua nyingine. Ukanda wetu una masika na vuli, kwa hiyo mayai ya guentheri huwa tayari baada ya miezi 2 hadi 4 kutegemea joto. Rachovii wa Beira, Msumbiji, ambako kiangazi ni kirefu na mvua ni ya msimu mmoja, huhitaji miezi 6 au zaidi. Tarehe uliyoandika kwenye kopo la kuhifadhia mayai inakusaidia kukisia tu. Anayeamua ni yai lenyewe, na ndiyo maana lenzi ya kukuzia ni ya lazima kuliko hita na kuliko dawa yoyote.

Samaki wanachumbiana lakini hakuna mayai

Kabla ya kumlaumu samaki, hakikisha umetazama sawasawa. Yai lina kipenyo cha milimita 1 hivi, sawa na mbegu ya ulezi, na linapita mwanga. Kwenye kokopiti ya kahawia, yaani unga wa makumbi ya nazi ambamo samaki hutagia, macho hulipita bila kuliona. Chukua kijiko cha kokopiti, kitandaze kwenye sahani nyeupe yenye maji kidogo, mulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Mayai mazima hung'aa kama kioo na hayapasuki ukiyabonyeza polepole kwa ncha ya kidole.

Kama kweli hakuna, mara nyingi sababu ni chakula. Chakula cha punje peke yake hakimjazi jike mayai. Mpe viluwiluwi vya mbu, viroboto vya maji, artemia (vijidudu kama kamba wadogo wa maji ya chumvi) au minyoo myekundu iliyogandishwa, mara mbili kwa siku kwa wiki moja, akiwa ametengwa na dume. Anayefuga viluwiluwi afunike ndoo kwa chandarua, avune kila siku na kumwaga kilichobaki kwenye ardhi kavu kabla ya siku ya tano. Ndoo ya viluwiluwi iliyosahaulika ni malaria na dengi kwa majirani.

Sababu inayofuata ni mahali pa kutagia. Dume la guentheri humfunika jike mgongoni kwa pezi lake, wote wawili hujikunja, hutetemeka, na yai moja husukumwa ndani ya tope. Sakafu ya tangi ikiwa na mchanga au takataka, watatagia huko na kopo lako litabaki tupu. Acha sakafu wazi, weka kopo la aiskrimu lenye tundu kwenye mfuniko na kokopiti ya kina cha sentimita 4 hivi, iliyochemshwa ili izame. Dume 1 kwa majike 2 au 3 inatosha. Dume la ziada huleta vita tu.

Mwisho kabisa fikiria umri. Samaki aliyepita miezi 9 hutaga kidogo, na mayai mengi huwa matupu. Lakini jike akivimba na magamba yakasimama, huyo hana mayai, anaumwa. Mtoe kwenye tangi siku hiyohiyo.

Mayai yanageuka meupe na kuota kuvu

Hapa ndipo mayai mengi hupotea, na swali la kwanza la kujiuliza ni yalibadilika lini. Yakiwa meupe ndani ya siku 2 za mwanzo, karibu yote hayakurutubishwa. Yakibadilika baada ya wiki, kosa liko kwenye kokopiti.

Mayai yasiyorutubishwa hutokana na dume mchanga mno, dume mzee, au joto. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, mwezi Januari hadi Machi maji ya tangi dogo karibu na dirisha hupita nyuzi 30 bila taabu, na wakati huo mayai mabovu huongezeka. Hamisha tangi upande wenye kivuli, punguza taa, elekeza feni juu ya maji. Hita ya nini huku pwani? Miongozo mingi imeandikwa na watu wa Ulaya wanaopigana na baridi. Sisi wa pwani tunapigana na kinyume chake, wakati mfugaji wa Mbeya au Limuru huenda akahitaji hita kweli.

Kokopiti mbovu huwa na moja ya kasoro hizi, na nimezipanga kuanzia inayojirudia zaidi.

Unyevu umezidi. Ikamue kwa mkono mpaka tone lisitoke tena, kisha itandaze juu ya gazeti kwa saa kadhaa, ukiigeuza. Kipimo: ifinye kwenye ngumi, ufungue kiganja. Ikibaki donge linalovunjika ukiligusa, iko sawa. Ikiacha maji kiganjani, bado. Ikimwagika kama vumbi, umepitiliza.

Ni chafu. Mabaki ya chakula na kinyesi vikiingia na mayai koponi, kuvu hupata pa kuanzia. Baada ya kuvuna, mimina kokopiti kwenye kichungi laini na uipitishie maji safi ya joto lilelile kabla ya kuikamua.

Haikuandaliwa. Kokopiti za kuotesha miche nyingine huwa na mbolea, nyingine zina chumvi nyingi kwa kuwa makumbi yaliloweshwa maji ya bahari. Nunua isiyo na mbolea, chemsha, mwaga maji, chemsha tena, suuza hadi maji yapoteze rangi nzito.

Hewa haibadiliki. Wenzetu wa Ulaya hutumia mifuko ya plastiki. Kwetu, Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na wengi tunahifadhi mayai kwenye makopo yenye mfuniko wa kubana. Kopo ni zuri, ila halipumui. Lifungue mara moja kwa wiki, peperusha kidogo, tazama, funga.

Kila unapofungua, toa mayai meupe kwa kibano. Ukiwa na mayai machache na ya thamani, yaanze kwenye maji yenye methilini bluu kidogo (rangi ya buluu inayozuia kuvu) kwa siku chache, toa yaliyokufa, ndipo uyalaze kwenye kokopiti. Na tafadhali: GV ya duka la dawa, ile ya zambarau ya kupaka vidonda, si methilini bluu, ingawa zote huchafua vidole. Usiweke GV kwenye mayai.

Yai lililobonyea upande mmoja halijafa. Limekauka tu. Nyunyiza maji kidogo sana kwenye kokopiti, funga, na baada ya siku moja au mbili mengi hujaa tena. Vidudu vyeupe vinavyorukaruka kwenye kokopiti havina madhara. Sisimizi ndio wa kuogopwa, kwa hiyo weka makopo kwenye sinia yenye maji pembeni.

Miezi imepita, yai liko safi lakini halina macho

Wengi hutupa mayai kwenye hatua hii, na inaniuma kila ninaposikia, kwa sababu yai safi linalopita mwanga ni yai zima.

Kiinitete cha samaki hawa kinaweza kusimama katika vituo vitatu, kama John Wourms alivyoeleza katika tafiti zake za mwaka 1972. Cha kwanza ni mapema, kabla mwili haujaonekana, hasa hewa ikiwa haba. Cha pili ni katikati: ukitazama kwa hadubini utaona uzi mwembamba wa mwili na moyo unaodunda polepole, basi. Cha tatu ni mwishoni, samaki akiwa kamili, anangoja maji. Katika kopo lilelile mayai ya siku moja yanaweza kuwa katika vituo tofauti. Huko porini hiyo ndiyo bima yao, maana mvua ya uongo ikinyesha na dimbwi likakauka baada ya wiki, mengine bado yapo ardhini.

Anza kwa kupima joto la mahali kopo lilipo. Chini ya nyuzi 22 mengi hulala kituo cha pili na yanaweza kukaa humo miezi mingi. Chumba cha Nairobi au Arusha mwezi Julai kinatosha kabisa kuyasimamisha. Yahamishie penye nyuzi 25 hadi 28, kwa mfano juu ya friji, na uyape wiki 4 kabla ya kuyatazama tena. Kaa mbali na jua la moja kwa moja.

Kama joto ni zuri, angalia unyevu na hewa. Kokopiti iliyolowa sana huyabakiza kituo cha kwanza. Ikaushe kidogo kwa kipimo cha ngumi kilekile. Kama yote hayo yako sawa na mayai bado yamelala, hakuna dawa ya kuyaamsha. Ngoja. Andika tarehe ya kutazama tena na uache kulifungua kopo kila siku.

Macho yapo, nimemwaga maji, hayaanguliwi

Si kila jicho ni la kuanguliwa. Doa jeusi pekee ni mapema mno. Yai lililo tayari lina macho makubwa yaliyozungukwa na duara ya rangi ya dhahabu inayorudisha mwanga, mwili umejizungusha ndani mpaka mkia unapita kichwa, na ukilitazama kwa utulivu utaona jicho likigeuka. Lowesha kokopiti kwa maji pale mayai mengi ya kopo yamefika hapo.

Kisha maji yenyewe. Yawe baridi, nyuzi 16 hadi 18, kina cha sentimita 3 hadi 5, kwenye beseni pana. Pwani weka chupa kwenye friji tangu jana yake, changanya hadi kipimajoto kisome sawa. Beseni likijipasha taratibu kufuata chumba, ndivyo inavyotakiwa. Maji ya bomba yalale wazi saa 24 ili klorini itoke. Maji ya mvua ya bati ni mazuri baada ya mvua ya kwanza kuosha paa, ila ni laini mno, kwa hiyo ongeza chumvi ya mawe gramu 1 kwa lita.

Kama baada ya saa 6 kumekaa kimya, punguza oksijeni, kwa sababu upungufu wake ndio humsukuma kifaranga kuvunja ganda. Nyunyiza chembe chache za chakula cha unga ili bakteria waitumie hewa, au puliza pumzi yako ndani ya maji kwa mrija kwa dakika chache. Mayai yasiyoanguliwa hadi asubuhi yake usiyatupe. Chuja kokopiti, ikamue, irudishe koponi kwa wiki 3 hadi 4, kisha lowesha tena. Awamu ya pili wakati mwingine hutoa vifaranga wengi kuliko ya kwanza.

Vifaranga wanatambaa sakafuni

Kifaranga mwenye afya ndani ya saa chache hupanda juu, humeza hewa, hujaza kibofu chake cha kuelea na kuogelea akiwa amelala sawa. Mtambaaji huruka kidogo na kuanguka.

Sababu kuu ni wakati: aliloweshwa kabla hajakamilika, au alikaa tayari muda mrefu mno hadi akiba ya kiini ikaisha na akatoka dhaifu. Ya pili ni maji yenye kina kirefu, hawezi kufika juu. Ya tatu ni utando wa mafuta juu ya maji: laza karatasi ya tishu juu ya maji, ivute taratibu, na utando utatoka nayo. Ya nne ni maji ya moto, yenye hewa kidogo mara baada ya kuanguliwa. Ukishaona vifaranga, weka jiwe la hewa lenye mapovu machache.

Wape siku 2. Baadhi hunyanyuka. Wasionyanyuka baada ya hapo hawaponi, hukua wamepinda na kudhulumiwa chakula. Kuwaondoa kwa huruma si ukatili: tikisa mafuta ya karafuu kwenye chupa yenye maji ya vuguvugu hadi yawe kama maziwa, changanya kwa kiasi cha nusu mililita kwa lita, waweke humo, na uwaache nusu saa nzima hata kama wameacha kupumua mapema. Usimwage samaki hai chooni wala mtaroni.

Kama kila kopo linakupa watambaaji zaidi ya nusu, acha kulowesha makopo mengine. Rudi kwenye lenzi, chagua mayai 10 yenye duara ya dhahabu, yaloweshe peke yake, uone.

Wanaogelea vizuri, kisha wanakufa wiki ya kwanza

Njaa kwanza. Kifaranga wa guentheri anameza artemia mchanga tangu siku ya kwanza, na tumbo lake likijaa huonekana la rangi ya chungwa ubavuni. Tumbo lisilo na rangi hiyo saa moja baada ya kulisha maana yake hakula. Artemia huanguliwa kwa saa 24 hadi 36 kwenye maji ya chumvi gramu 25 hadi 30 kwa lita, nyuzi 26 hadi 28, mwanga na hewa ya nguvu. Zima hewa dakika 10, mulika tochi chini ya chupa, vuta wanaokusanyika chini, yaache maganda yanayoelea juu. Walio karibu na Malindi wanajua kwamba mabwawa ya chumvi ya Gongoni na Kurawa yana artemia. Omba ruhusa ya mwenye bwawa.

Baada ya njaa ni uchafu. Artemia waliokufa huozesha beseni usiku mmoja. Wape kidogo mara 2 hadi 3 kwa siku, nyonya masalia kwa bomba la sindano, badilisha theluthi ya maji kila siku kwa maji ya joto lilelile. Konokono wawili watatu hufanya usafi vizuri.

Wakipungua bila maiti kuonekana, tazama hydra ukutani, kile kimdudu chenye mikono kama nyuzi, au kifaranga mmoja aliyewazidi wenzake ukubwa. Mtenge mkubwa. Hamisha wengine kwenye chombo kilichokaushwa juani.

Vumbi la dhahabu mwilini

Wafugaji wa Nothobranchius wanaogopa ugonjwa huu kuliko mwingine wowote. Samaki hujikuna, hubana mapezi, hupumua haraka, hukataa chakula. Zima taa na umulike kwa tochi kutoka ubavuni: utaona unga wa manjano kama kutu juu ya ngozi. Ni kimelea kiitwacho Piscinoodinium, na huua vifaranga kwa siku chache.

Kinga ni chumvi ya mawe, gramu 1 kwa lita, wakati wote. Ukishauona ugonjwa, pandisha hadi gramu 3 kwa lita ndani ya siku 2, funika tangi kwa kitambaa kizito kwa wiki moja kwa kuwa kimelea hutegemea mwanga kwa kiasi fulani, na usishirikishe nyavu kati ya matangi. Dawa za shaba huponya, ila kipimo kikizidi kidogo huua vifaranga na konokono. Huna kifaa cha kupima shaba? Usiiguse. Kama gramu 3 za chumvi hazijaleta nafuu siku ya tatu, mpigie daktari wa mifugo au afisa uvuvi wa wilaya, umpelekee samaki mgonjwa aliye hai, kwa kuwa maiti ya jana haimwonyeshi kitu.

Mkubwa anakonda na kupinda mgongo

Mtizame umri kabla ya dawa. Hawa ni samaki wa maisha mafupi, na baada ya miezi 10 hadi 12 kukonda, kupauka na kupinda ni uzee. Hakuna tiba, na mayai yake yapo koponi.

Samaki wa miezi 4 akikonda hivyo, tena wakifuatana mmoja baada ya mwingine wakiwa na vidonda, fikiria kifua kikuu cha samaki. Acha kukusanya mayai kwenye tangi hilo, usigawie mtu samaki wake, na usimwage maji yake kwenye mto au dimbwi. Vaa glavu. Bakteria hao huingia kwa binadamu kupitia mchubuko, na huleta uvimbe au kidonda kidoleni kisichopona kwa wiki kadhaa. Ukiwa na kidonda cha namna hiyo nenda hospitali, na umwambie daktari wazi kwamba mikono yako huingia kwenye matangi ya samaki, kwa sababu dawa za kawaida za vidonda mara nyingi haziwamalizi bakteria hao, na asipoambiwa hataagiza kipimo chao.